Usiingie Njia Panda Kabla ya Kuona pa Kutokea

Watu wengi hudhani kwamba kanuni za barabarani ni mambo ya madereva na askari wa trafiki peke yao. Mwalimu, karani, mganga na afisa kilimo, maadam hawashiki usukani, huona kwamba mambo hayo hayawahusu. Dhana hiyo si sahihi, na ubaya wake unaonekana waziwazi katika mkoa wa Songwe, hasa katika mji wa Tunduma. Huko barabara moja kubwa hubeba mizigo ya nchi kadhaa, na barabara hiyo hiyo ndiyo njia ya mtoto kwenda shule, ya mgonjwa kwenda hospitali na ya mtumishi kwenda kazini.

Makala haya yanakusudia kueleza kanuni moja tu: kanuni ya mraba wa manjano unaochorwa katikati ya makutano ya barabara, na hasa ile sehemu yake inayohusu magari yanayopinda kulia. Ni kanuni fupi, ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kufundishwa asubuhi na akaieleza nyumbani jioni. Walakini ni miongoni mwa kanuni zinazovunjwa na watu wengi kila siku, wengine kwa ubinafsi, na wengine kwa kutojua tu.

BARABARA ILIYOUKUZA MJI

Ukuaji wa Tunduma haukuja kwa bahati. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao Novemba 1965, Zambia, ambayo haina pwani, ilijikuta njia yake ya kusini imo mikononi mwa watu wasioitakia mema. Mafuta yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika barabara iliyokuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua, ambayo madereva wa siku zile waliifananisha na njia ya jehanamu. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA, ikaja na barabara ya lami, kisha ikaja reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Vyote vitatu vilipita katika ardhi ambayo leo ni mkoa wa Songwe.

Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yakawekwa Vwawa. Mwaka 2019 Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, baina ya Tunduma na Nakonde, kilizinduliwa ili msafiri na mzigo wake wakaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mji wa Tunduma una watu wasiofikia 100,000. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta umepita 200,000. Watu wamezidi maradufu katika muda wa miaka 10, lakini barabara kuu imebaki moja, na malori yaendayo Zambia na Kongo yamo humo humo pamoja na daladala, bajaji, bodaboda na mikokoteni.

Tuitazame ramani kidogo. Mtu anayetoka Mbeya kwenda mpakani, akifika Tunduma, huikuta upande wake wa kulia barabara iendayo Laela na Sumbawanga, mkoani Rukwa. Kabla ya hapo, pale Mpemba, huwa ameiacha upande wake wa kushoto barabara iendayo Isongole, wilayani Ileje, karibu na mpaka wa Malawi. Sisi tunaendesha magari upande wa kushoto wa barabara, na Zambia vivyo hivyo. Kwa hiyo anayetoka Mbeya kwenda Sumbawanga hana budi kukatiza mbele ya magari yanayotoka mpakani. Anayetoka Tunduma kwenda Ileje hana budi kukatiza mbele ya magari yanayotoka Mbeya. Anayetoka Ileje kwenda Vwawa hana budi kwanza kuupita upande wa barabara unaotumiwa na magari yaendayo mpakani, ndipo aingie upande wake. Wote hao wanapinda kulia, na wote wanapita juu ya kipande kile kile cha lami ambacho wengine nao wanakihitaji.

Sasa tuiweke foleni ya malori juu ya ramani hiyo. Foleni ya Tunduma si habari ngeni kwa msomaji. Mwezi Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, taifa zima liliisikia. Lakini hata pasipokuwa na maradhi wala amri ya kufunga mpaka, zimekuwapo siku ambazo malori yamepangana kwa kilomita nyingi, moja nyuma ya jingine, yakisubiri zamu. Foleni ikirefuka hufika kwenye mdomo wa njia panda. Ikifika hapo ndipo swali letu linapoanza: je, lori lililo mbele ya njia panda lisimame kabla yake na kuiacha wazi, au lisogee na kuiziba?

Tuchukue mfano wa mama mjamzito aliyepewa rufaa kutoka Ileje kwenda hospitali ya mkoa iliyoko Vwawa. Gari la wagonjwa limemleta vizuri kwa lami mpaka Mpemba. Mbele yake limesimama lori kubwa, limekaa sawasawa kwenye mdomo wa njia panda, halisogei mbele kwa kuwa hakuna nafasi, wala haliwezi kurudi nyuma kwa kuwa jingine limekwisha kuligusa mkia. Dereva wa lori hilo si mtu mbaya. Hakukusudia kumzuia mgonjwa, na huenda akisikia king'ora atahuzunika kama binadamu mwingine yeyote. Lakini huzuni haifungui njia. Njia ilipaswa kuachwa wazi dakika chache nyuma, kabla gari la wagonjwa halijaonekana, na kabla mtu yeyote hajajua kwamba litakuja.

Hapo ndipo ilipo hekima ya mraba wa manjano. Haumngoji dereva mwema aone shida ya mwenzake ndipo aisaidie. Humwamuru kila dereva, kila wakati, aache nafasi kwa ajili ya mtu ambaye bado hajamwona.

KANUNI YENYEWE

Mraba huo ni eneo la makutano lililochorwa mistari ya manjano iliyokatana mshazari, mfano wa wavu wa kuvulia samaki. Uingereza iliujaribu kwanza katika jiji la London, na mwaka 1967 ikauingiza katika kanuni zake. Tangu hapo umeenea katika nchi nyingi duniani. Maana yake inaelezwa kwa sentensi moja: usiingize gari ndani ya mraba mpaka uwe umeona, upande wa pili, nafasi tupu inayotosha gari lako zima.

Kanuni hii haijali rangi ya taa. Wako madereva wanaoamini kwamba taa ya kijani ni amri ya kwenda. Ukweli ni kwamba taa ya kijani ni ruhusa tu, nayo ni ruhusa yenye sharti: nenda, kama njia iko wazi. Taa ikiwa ya kijani na mbele yako magari yamesimama mpaka kwenye ukingo wa mraba, wajibu wako ni kubaki nyuma ya mstari, hata wa nyuma yako wakipiga honi mpaka betri zao ziishe.

Anayekwenda moja kwa moja, basi, hutazama mbele. Nafasi ipo, anapita. Nafasi haipo, anangoja. Anayepinda kushoto hutazama barabara ya kushoto. Ikiwa imejaa, naye hungoja nje ya mraba. Hawa wawili hawana msamaha wowote.

Mwenye msamaha ni mmoja tu, naye ni anayepinda kulia. Huyu anaruhusiwa kuingia ndani ya mraba na kusimama humo, iwapo kinachomzuia ni magari yanayomjia kutoka mbele, au gari jingine lililotangulia ambalo nalo linangoja kupinda kulia. Lakini anaruhusiwa kwa sharti kubwa ambalo wengi hulisahau: ile barabara anayotaka kuingia lazima iwe wazi. Kama barabara ya kulia imejaa magari yaliyosimama, msamaha wake umekwisha, na anakuwa sawa na wale wengine wawili. Hana ruhusa ya kuingia.

Baadhi ya watu huuliza: kwa nini apendelewe anayepinda kulia? Jibu ni kwamba hakupendelewa. Sababu ya kumruhusu ndiyo ile ile ya kuwakataza wenzake. Magari yanayomjia kutoka mbele yanatembea. Yatapita, au taa itabadilika yasimame, na mara hiyo naye atapinda aondoke. Anangoja jambo ambalo mwisho wake unajulikana. Isitoshe, kama angekatazwa kabisa kuingia, huenda asipate nafasi ya kupinda mchana kutwa, na wote walio nyuma yake wangekwama pamoja naye. Lakini anayeingia nyuma ya foleni iliyosimama anangoja jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Foleni inaweza kusogea baada ya dakika moja, au baada ya saa moja. Muda wote huo amekalia lami ya wengine. Kwa hiyo kanuni ni moja tu, haina ncha mbili: ingia kama unajua kwamba utatoka.

Anayepinda kulia ana adabu nyingine za kuzingatia. Aonyeshe ishara mapema. Akiwa anangoja, asikate usukani kabla ya wakati. Magurudumu yabaki yameelekea mbele, ili akigongwa kwa nyuma asisukumwe kwenye magari yanayomjia. Asikate kona kwa njia ya mkato juu ya upande wa wale wanaotoka katika barabara anayoingia. Taa ikigeuka nyekundu akiwa tayari yumo ndani, amalize kupinda kwa uangalifu na aondoke, asiganda pale kwa hofu. Na wale waliopata taa ya kijani wakati huo wamwachie amalize. Taa yao haiwapi haki ya kumgonga mtu ambaye bado hajatoka. Tena pakiwapo askari wa trafiki anayeongoza magari kwa mkono, ishara yake inatangulia taa, na lazima itiiwe.

UREFU WA LORI NA UREFU WA NAFASI

Kuna jambo linalowahusu hasa madereva wa malori. Dereva wa gari dogo akiona nafasi ya mita 5 upande wa pili anaweza kupita na kutoshea. Lakini kontena la futi 40 peke yake lina urefu wa zaidi ya mita 12, na hapo hatujahesabu kichwa cha lori kinachokokota tela. Dereva wa lori la namna hiyo anayeona nafasi ya mita 10 mbele yake na kusema "nafasi ipo", anasema kweli kwa kichwa cha gari na uongo kwa mkia wake. Kichwa kitavuka, tela litabaki limelala juu ya njia panda. Kwa Tunduma, kosa hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu bajaji iliyokwama inaweza kusukumwa kando na vijana wawili, ilhali lori lenye mzigo wa shaba haliondolewi na mtu.

Kanuni hii ina ndugu yake kwenye reli. Popote barabara inapokatana na reli, dereva haruhusiwi kuingia juu ya reli mpaka aone nafasi ya kutosha gari lake zima upande wa pili. Wakazi wa Songwe, wanaoishi kando ya reli ya TAZARA, hawahitaji kuelezwa sababu. Treni haipigi breki ikasimama kama bajaji. Yeyote anayeielewa kanuni ya reli ameielewa kanuni ya mraba. Tofauti ni kwamba kwenye reli adhabu huja mara moja, na kwenye njia panda huja polepole na kuwaangukia wasiokuwa na hatia.

Wengine watasema kwamba mraba haukuchorwa kila mahali, na kwa hiyo pasipo rangi hapana kanuni. Hiyo si hoja. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliofanyika Vienna mwaka 1968 umeliweka jambo hili bila kutaja rangi yoyote: dereva, hata kama taa zinamruhusu, asiingie katika makutano iwapo magari ni mengi kiasi kwamba yaelekea atalazimika kusimama humo na kuwazuia wanaokatiza. Rangi ya manjano haikuleta wajibu mpya. Imekuja kuwakumbusha watu wajibu wa zamani, na kumwonyesha kila mmoja mahali hasa unapoanzia na unapoishia.

HOJA ZA WANAOPINGA

Haki inatutaka tuzisikilize hoja za wale wanaoona kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu.

Hoja ya kwanza ni kwamba chanzo cha msongamano wa Tunduma ni mpaka, si madereva. Hati zikichelewa, ukaguzi ukichelewa, mtandao wa kompyuta ukikatika, malori yatajaa hata madereva wote wakiwa malaika. Hoja hii ni ya kweli, na hatuna sababu ya kuipinga. Mraba wa manjano haufupishi foleni ya forodha hata kwa lori moja. Kazi yake ni nyingine. Foleni ya mpakani ni ya wale wanaokwenda mpakani. Mwalimu anayekwenda Laela hana mzigo wa kukaguliwa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anayekwenda mjini kununua mbolea hana hati ya kugongwa muhuri. Njia panda ikizibwa, foleni ya watu fulani inageuzwa kuwa foleni ya watu wote. Mraba huifunga foleni hiyo ibaki kwa wenyewe.

Hoja ya pili husema: nikiacha nafasi, mwingine ataijaza. Hiyo nayo ni kweli mara nyingi, na inaudhi. Lakini tupige hesabu. Katika foleni ya kilomita kadhaa, anayejaza nafasi hiyo amejipatia urefu wa lori moja. Kwa urefu huo amefunga barabara mbili. Tena waliofungiwa watatafuta upenyo, watapita upande usio wao, watakutana uso kwa uso na wanaotoka mpakani, na sasa hata lori lililokwisha kugongewa hati haliwezi kuondoka mjini. Nafasi ndani ya kituo haipatikani, na foleni iliyoko nje haisogei. Yule aliyeruka ukingo wa mraba ili awahi amejichelewesha mwenyewe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hoja ya tatu ni ya huruma: dereva amesafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, amelala barabarani, amechoka, na sasa anadaiwa sentimita za rangi. Huruma hiyo ni ya haki, na madereva hao ni wafanyakazi wanaostahili heshima yetu. Tena si wote ni wa hapa. Wako wa Zambia, na wako wanaofanya safari za Lubumbashi, ambako magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Kwa aliyezoea huko, kupinda kulia ndiko kupinda kwepesi kusikokatiza mbele ya mtu. Akifika kwetu mambo yamegeuka, na desturi ya mkono inaweza kumponza. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutaka alama iwe wazi zaidi. Bango lina lugha, na asiyeijua lugha hiyo halisomi. Wavu wa manjano uliochorwa juu ya lami unasomwa na dereva wa Lusaka, wa Lubumbashi na wa Mbozi kwa namna moja.

NANI AFANYE NINI

Ni desturi yetu, tukizungumza juu ya barabara, kuielekeza lawama kwa serikali na kwa trafiki, kisha tukaenda zetu. Hapana shaka wanao wajibu wao. Wakala wa Barabara, TANROADS, unaosimamia barabara kuu, unapaswa kuhakikisha kwamba miraba ya manjano inaonekana waziwazi katika njia panda za Tunduma na Mpemba. Palipochorwa ikafutika ichorwe upya, na pasipochorwa ichorwe. Vumbi, mafuta na magurudumu ya malori hula rangi upesi, na mraba usioonekana hauwezi kumhukumu mtu. TARURA nao wana njia zao za mji, zinazoingia barabara kuu kwa vichochoro. Kikosi cha Usalama Barabarani kina kazi ya kusimamia, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka kila dereva kutii alama zilizowekwa.

Tusisahau pia gharama. Dar es Salaam imeondolewa adha ya njia panda ya TAZARA kwa daraja la Mfugale lililozinduliwa mwaka 2018, na ya Ubungo kwa daraja la Kijazi lililozinduliwa mwaka 2021. Ni kazi za kujivunia, lakini zimegharimu mabilioni ya shilingi, na haziwezi kujengwa katika kila mji wenye makutano. Mraba wa manjano unagharimu rangi, brashi na siku moja ya kazi. Sehemu yake iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, inagharimu nidhamu, na nidhamu hainunuliwi kwa zabuni.

Hapo ndipo zamu ya watumishi wa umma inapofika. Magari yenye namba za STK yanajulikana na kila mtu. Linaposimama nyuma ya mstari na kuiacha njia panda wazi, watu mia moja wamefundishwa bila darasa. Linapojipenyeza katikati ya mraba kwa sababu bosi aliyekaa nyuma anawahi kikao, watu hao mia moja wamefundishwa pia, lakini somo jingine. Dereva wa ofisi mara nyingi anaijua kanuni vizuri. Anayemwambia "pita tu" ndiye asiyeijua, au anayeijua na kuidharau. Kwa hiyo ni vema kila afisa anayesafirishwa kwa gari la umma ajue kwamba uvumilivu wa dereva wake kwenye njia panda ni sehemu ya kazi ya serikali, wala si uzembe. Kikao kitamngoja. Uzazi haungoji.

Walimu nao wana nafasi ambayo hakuna askari anayeweza kuijaza. Wanafunzi wa leo wa Tunduma, Vwawa na Mlowo ndio waendesha bodaboda na madereva wa malori wa kesho. Somo hili halihitaji vifaa. Mwalimu achore njia panda kwa majivu katika uwanja wa shule, na katikati yake achore wavu. Awapange wanafunzi katika mistari minne, waje kutoka pande nne, huku upande mmoja ukiwa na foleni iliyosimama. Mara ya kwanza awaache kila mmoja aingie anapoona nafasi. Katika muda mfupi watakuwa wamesongamana kifua kwa kifua, hakuna anayekwenda. Mara ya pili awape kanuni: asiingie mtu mpaka aone pa kutokea, isipokuwa anayepinda kulia ambaye njia yake iko wazi. Wataona kwa macho yao kwamba mistari mitatu inakwenda ingawa mmoja umesimama. Kisha awaulize ni kitu gani kilichobadilika. Uwanja ni ule ule, watu ni wale wale, njia ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja alikubali kungoja kidogo mahali pasipomzuia mwenzake.

Kadhalika wazazi na wakufunzi wa udereva waache kuifundisha kanuni hii kama swali la kupatia leseni tu. Kijana anayejibu vizuri kwenye chumba cha mtihani na kuziba njia panda siku ya pili hajafundishwa, amekaririshwa.

Barabara iliyopita Songwe ilijengwa kwa jasho na gharama kubwa ili jirani aliyefungiwa njia apate njia. Litakuwa jambo la ajabu sisi tulioifungulia nchi nzima njia tukishindwa kumfungulia njia mama mmoja anayetoka Ileje kwenda Vwawa. Kwa leo, wala hatuhitaji kungoja rangi mpya wala taa mpya. Kila mwenye usukani anaweza kuanza katika njia panda ya kwanza atakayoikuta: atazame upande wa pili, apime urefu wa gari lake, na kama nafasi haitoshi, asimame kabla ya makutano na kuwaachia wengine wapite.